Kutega Sikio

Saa mbili asubuhi, Tartu, mwezi wa Januari,
na jua bado halijaona sababu ya kuja.
Mzee Kaljo alileta kikapu ndani ya koti,
theluji mabegani, maneno ya kuhesabu:
"Anaitwa Pihlakas. Hajala tangu juzi.
Alikuwa wa marehemu mke wangu."
Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki
akaikunja kofia yake mara nne,
kama barua asiyotaka isomwe.

Jino la nyuma limeota kombo, limechoma shavu.
Kulitoa si kazi. Kazi ni pumzi.

Mbwa ukimlaza hukuachia koo lote,
unaona hadi ndani, unapita.
Sungura hapana. Mdomo wake tundu la ufunguo,
ulimi umejaa kama godoro kabatini,
na nyuma kabisa, huko mwanga usikofika,
kimlango cha hewa kinafunguka na kufunga
kwa zamu zake chenyewe.
Ukikigonga kwa nguvu, hujifunga.
Kikijifunga, basi.

Dawa ikaingia. Masikio yakalala.
Tone la ganzi kooni, tukangoja.
Nikakiinua kichwa, shingo ikanyooka
kama ya mtu anayetazama ndege wanaohama.
Dokta Eneli akaupitisha mrija kando ya meno,
mwembamba kuliko kalamu,
na ncha ya nje akaiweka sikioni.
Babu yake, huko Võru, alitega sungura kwa waya.
Yeye hutega sikio.

Akasukuma. Kimya. Njia ya chakula.
Akatoa, akasukuma tena. Kimya.
Oksijeni tisini na nne. Tisini na moja.
"Barakoa," akasema, tukampa hewa puani
mpaka ufizi ukarudi waridi.
Mara ya tatu hakusukuma. Alinitazama.
"Raivo, sikio la kushoto haliniambii kitu
tangu majani yalipoanguka. Na la kulia linavuma.
Njoo wewe."

Mimi, niliyeajiriwa kuosha vizimba.

Mwanzo nilisikia damu yangu mwenyewe,
kisha friji ya chanjo, kisha viatu vya mzee
vikisugua sakafu nyuma ya mlango.
Kisha, mbali, kama mtu anayepoza uji
nyumba ya tatu kutoka hapa:
fuu.
Nikasogeza nusu ya ukucha.
Fuu. Nyumba ya pili.
Roho yangu juu, yake kwenye ncha ya vidole vyangu.
Nikangoja avute, maana avutapo ndipo kunafunguka,
na mgeni huingia akikaribishwa.
Akavuta.
Nikaingia.

Kikohozi kidogo, cha mtoto asiyetaka shule.
Ukungu ukaja mrijani, ukaondoka, ukaja,
na kwenye skrini mstari uliolala
ukawa kilima, bonde, kilima.
Dokta akafunga utepe nyuma ya masikio.
Hakunisifu. Aliandika saa,
na mkono ukamtetemeka kwenye tarakimu ya mwisho.

Jino lilitoka, limejikunja kama ukucha wa paka.
Makelele yote yale, kwa kitu kile.

Tulipozima gesi mzee alikuwa mlangoni.
Hakuuliza kama amepona.
"Mke wangu," alisema, "walipomtoa mrija
waliniomba nisubiri nje."

Dokta alinitazama, akasogea pembeni.
Nikachomoa bomba la mashine, nikamwonyesha mzee ncha.
Akainama kwa shida, mkono kwenye meza,
akalitega sikio lake lenye nywele nyeupe.

Akakaa vile.
Taya likaanza kutafuna hewa, mguu ukarusha teke.
"Mzee," nikasema, "ameamka. Sasa tunautoa."
Akainua kidole kimoja, macho kayafumba:
"Ngoja. Bado moja."